Kumhamisha mfanyakazi idara nyingine: hatua ninazofuata

Mimi ni afisa wa rasilimali watu hapa Nairobi, na inaniuma kuona nafasi ya ununuzi ikitangazwa magazetini ilhali karani wa stoo kule Industrial Area anaijua bidhaa na wasambazaji wake wote.

1. Tangaza ndani kwanza. Barua pepe pekee haitoshi, kwani madereva na watu wa zamu ya usiku hawaifungui. Bandika tangazo kantini na ulitume kwenye kundi la WhatsApp la kila zamu. Taja na mshahara.

2. Malizana na meneja wa sasa wa mfanyakazi. Uhamisho mwingi hufia hapa. Meneja hakatai waziwazi, atakuuliza, "Sasa ukinichukulia huyu, nani atanihesabia mali mwisho wa mwezi?" Swali lake ni la haki, kwa hiyo lijibu. Kanuni ninayoitetea ni hii: meneja hana uwezo wa kuzuia, ila ana haki ya kupewa muda. Andikeni tarehe ya kumwachilia, wiki nne hadi nane, na mwanze kumtafuta wa kujaza pengo siku hiyohiyo. Kisha wakati wa tathmini, wafanyakazi waliopanda kutoka kwake wahesabiwe kuwa sifa yake. Bila hilo, atajifunza kuwaficha walio hodari.

3. Pima kinachopungua. Karani wetu huenda hajawahi kuandaa zabuni wala kusoma mkataba. Mwache akae na idara mpya siku mbili kwa wiki kabla ya kuhamia. Akihitaji kozi, kumbuka mwajiri hulipa NITA (Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda) ushuru wa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na anaweza kuomba kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Ombeni idhini kabla ya kozi kuanza.

4. Weka kwa maandishi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10(5), inamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe mkataba na kumjulisha mabadiliko kwa maandishi. Miaka yake ya utumishi na likizo aliyolimbikiza aende navyo.

5. Waone walioomba wakakosa nafasi. Usiwatumie barua ya "jaribu tena". Keti na kila mmoja, umwambie ni ujuzi gani ulipungua, na mkubaliane ataupatia wapi kabla nafasi nyingine haijatangazwa.