Kuchagua kaliba ya bunduki kwa uwindaji wa milimani, hatua kwa hatua

Watu wakianza kuongelea bunduki ya milimani wa kwanza lazima aseme magnamu (risasi yenye baruti nyingi kuliko kawaida), wa pili anataja magnamu kubwa kuliko ile, na hapo mjadala umeshaharibika. Mimi napeleka watu mlimani na ninachokiona ni kinyume, mnyama anayekimbia na jeraha mara nyingi kapigwa na kaliba (aina ya risasi ambayo bunduki inapiga) kubwa iliyoshikwa na mtu anayeiogopa. Ndo maana hapa tunaanza na mnyama, umbali, kichwa cha risasi na bega lako, jina la kaliba linakuja baadaye.

Hatua ya 1: Mnyama na kibali

Kondoo dume wa milimani aina ya Dall ana kilo 80 hadi 100 hivi. Nyala wa milimani wa Ethiopia (swala mkubwa), dume aliyekomaa, anapita kilo 200, na elki (kulungu mkubwa) dume wa Marekani anafika 300 na zaidi. Hao siyo mnyama mmoja, usinunue bunduki moja ya "vyote" kisa umeona elki kwenye picha wakati kibali chako kinasema kondoo. Halafu soma kibali chenyewe, kuna sehemu wanaweka kaliba ya chini kabisa inayoruhusiwa, na kuna sehemu hawataki kabisa vichwa vyenye madini ya risasi ndani, California kwa mfano tangu Julai 2019 ni marufuku kwa uwindaji wote.

Hatua ya 2: Umbali wako wa kweli

Siyo umbali wa bunduki, umbali WAKO. Lala chini, weka begi mbele, piga risasi 3 kwenye sahani ya sentimita 20 (ndo kama eneo la moyo na mapafu la mnyama mdogo wa milimani). Umbali wa mwisho ambao zote 3 zinaingia, bila mtu kukurekebisha, bila meza ya kulengea, huo ndo wako. Wengi ni mita 250 mpaka 300, na hamna aibu hapo, ukijua hivyo umeshapunguza nusu ya kaliba ulizokuwa unazifikiria.

Hatua ya 3: Kichwa cha risasi na spidi yake kule mwisho

Hapa tukae kidogo maana ndo penye mambo. Risasi ya kuwindia inaua vizuri ikifunguka ndani ya mnyama, na ili ifunguke lazima ifike na spidi ya kutosha. Vichwa vingi vya kawaida vinataka kama mita 550 kwa sekunde, vile vya shaba tupu vinapenda zaidi, weka 600 uwe salama. Chini ya hapo kinapita kama msumari, mnyama anaondoka, wewe unabaki kubishana na mwenzako kama ulimpata au hukumpata.

Sasa chukua .270 Winchester, kaliba ya mwaka 1925, na kichwa cha kawaida cha greini 130 (gramu 8.4). Kinatoka mtutuni na kama mita 930 kwa sekunde, kikifika mita 365 kimebaki na 615 hivi, na mita 457 kimebaki na 550. Chukua .30-06 yenye kichwa cha greini 180 cha aina hiyohiyo, kinatoka na 823, na pale mita 365 kimeshashuka mpaka 560. Unaona? Ile yenye kichwa kizito inagonga na uzito zaidi lakini kwa kichwa cha umbo hilo inafika mwisho wake mapema. Ukiibadilishia kichwa kirefu kilichochongoka inavyotakiwa hesabu inabadilika tena, kwa hiyo mtu akikuuliza ipi bora kati ya hizo mbili muulize kwanza kichwa gani.

Kwa mnyama wa kilo 100 kichwa cha kawaida kinatosha. Kwa elki tafuta kisichosambaratika kwenye mfupa wa bega: shaba tupu, au kile ambacho ganda lake la nje limeunganishwa kabisa na madini ya ndani, au Nosler Partition yenye ukuta katikati, mbele inafunguka na nyuma inaendelea na safari. Hiyo inauzwa tangu 1948 na bado sijaona sababu ya kuicheka.

Hatua ya 4: Bega lako na uzito wa bunduki

Mlimani kila mtu anataka bunduki nyepesi, na ni sawa, utaibeba siku nzima na kupiga mara moja tu. Ila bunduki ikipungua uzito teke (inavyokusukuma begani ukifyatua) linaongezeka, hiyo huikwepi. Kwenye bunduki ya kilo 3.6, 6.5 Creedmoor inakurudishia nishati ya kama jouli 17, .270 kama 23, .30-06 na 7mm Remington Magnum ziko 27 hivi, na .300 Winchester Magnum inapita 35. Hiyo .300 ukiiweka kwenye bunduki ya kilo 2.7 unakaribia jouli 50, aisee, umelala vibaya kwenye mteremko, skopu (darubini ya kulengea) iko karibu na jicho, ndo hao wanashuka mlimani na nyusi zimechanika. Breki ya mtutu (kifaa cha mdomoni mwa bunduki kinachotupa gesi pembeni) inapunguza teke kweli, lakini kelele yake ni balaa, wewe na anayekuongoza mvae vizibo vya masikio.

Jipime hivi: mwenzako akuwekee risasi kwenye chemba au asiweke, wewe usijue. Ukifyatua ikiwa tupu na mdomo wa bunduki ukaruka au macho yakafumba, hiyo kaliba ni kubwa kwako. Kwa sasa tu, mazoezi yanasaidia.

Hatua ya 5: Sasa chagua

Kondoo na mbuzi wa milimani, mpaka mita 350: 6.5 Creedmoor, 7mm-08, .270 au .308, yoyote. Kama huna bunduki kabisa ningekwambia .270, ila kama unayo .308 kabatini usiiuze, nunua buti nzuri.

Nyala au elki: .30-06 au 7mm Remington Magnum. .300 Winchester Magnum ni ya mtu aliyepita hatua ya 4 bila kujidanganya na anayepiga mbali kweli, hapo faida yake ipo, hasa upepo ukivuma. 6.5 inaweza kuangusha elki karibu karibu na kichwa kizuri, lakini mimi singeipanga kwa kazi hiyo.

Kaliba mpya kama 6.5 PRC na 7mm PRC ni nzuri sana, shida ni ukifika mbali na begi la risasi halikufika na ndege, .30-06 au .308 utaazima kwa mtu, hizo nyingine je?

Hatua ya 6: Mtutu

Vichwa virefu vinataka michirizi ya ndani ya mtutu izunguke haraka, mara moja kila inchi 8 hivi, na .270 nyingi za zamani ni inchi 10 kwa hiyo usizilazimishe. Magnamu usiikate mtutu mfupi, unabaki na kelele na teke huku spidi ukiwa umeiacha fundini.

Hatua ya 7: Jaribu kule kule juu

Ukifika kambini piga tena shabaha, safari inasogeza skopu na hewa ya mita 3,000 ni nyepesi kwa kama robo, risasi inashuka pungufu kuliko ulivyozoea. Na mteremko: ukipiga juu au chini risasi inapanda kuliko ulivyolenga. Mita 400 kwa pembe ya digrii 30, kwa hesabu ya risasi kushuka ichukulie kama 346, lakini kwa upepo tumia 400 yote. Mnyama akiwa ukingoni mwa genge, subiri asogee, au kama eneo la moyo hulioni, piga juu ya bega avunjike pale pale, maana mbuzi wa milimani akipigwa mapafuni anaweza kutembea hatua chache tu na kudondoka mahali ambapo hakuna kamba itakayokufikisha.

Kisha pima tena ukiwa unahema, panda mwinuko dakika mbili mbio, lala, piga. Umbali wa hatua ya 2 utapungua, andika ule mpya kwenye plasta ubandike kwenye kitako cha bunduki.