Kunoa Jiwe la Kusagia Chuma kwa Almasi
Jiwe la kusagia likianza kung'aa kama kioo, au vitundu vyake vikizibwa na chembe za chuma, halikati tena bali linasugua tu, na kipande cha chuma kinachosagwa hutokwa na madoa ya kahawia ya kuungua. Hapo usiongeze shinikizo, linoe. Inamisha almasi (kifaa cha kunolea chenye ncha ya almasi) nyuzi 10 hadi 15 kufuata upande ambao jiwe linazungukia, na ufungulie maji ya kupoza kabla haijagusa jiwe, kwani almasi yenye moto ikimwagiwa maji ghafla hupasuka. Ondoa milimita 0.01 hadi 0.03 za jiwe kila almasi inapopita juu yake. Zingatia sana mwendo: almasi ikipita haraka, jiwe hukwaruza na kukata kwa nguvu; ikipita polepole, huacha uso laini, ila ikipita polepole kupita kiasi jiwe hurudi kuunguza.