Wezi Wameingia: Uhame au Uimarishe Nyumba?

Wiki ile ambayo mlango umevunjwa si wiki ya kusaini mkataba wa nyumba nyingine. Usingizi hauji, kila kishindo cha usiku kinakukalisha kitandani, na mtu wa hali hiyo huchukua nyumba yoyote mradi iwe mbali. Lakini pia hizo ndizo wiki za hatari zaidi. Aliyeingia mara moja anaijua njia, na anajua utanunua vipya badala ya alivyochukua, ndiyo maana nyumba iliyovunjwa huvunjwa tena mapema kuliko tunavyodhani, na za jirani huwa zinafuata. Kuhama kunaweza kusubiri miezi miwili mitatu. Mlango hauwezi.

Basi anza na mlango. Ufungue, uchuchumae kando ya fremu, utazame kile kibati kinachopokea ulimi wa kitasa. Fungua skrubu moja uipime. Mara nyingi utakuta ya sentimita 2 hivi, imeng'ata ubao mwembamba wa fremu na basi. Teke moja la nguvu na kibati kinatoka na kipande cha mbao, kitasa chenyewe kikiwa kizima. Weka skrubu za sentimita 7 au 8 zinazopita fremu hadi kwenye nguzo ya mbao iliyo ndani ya ukuta. Kama ukuta ni wa tofali, fremu ishikwe kwa bolti zinazoingia kwenye tofali. Ulimi wa kitasa utoke walau sentimita 2.5. Na kama mlango unafungukia nje, angalia bawaba: pini ikiwa upande wa nje, mwizi anaing'oa bila kugusa kitasa. Kazi hii ni ya nusu siku, na kwa maoni yangu inafaa kutangulia kamera na king'ora.

Madirishani watu hukimbilia grili, nami sizipingi. Ila chumba cha kulala kisichofunguka kutoka ndani ni mtego moto ukizuka. Angalau grili moja kwa kila chumba cha kulala iwe na komeo la ndani, ufunguo ukae mahali pamoja ambapo mtoto na mgeni wanapajua, tena mkiwa mmejaribu kulifungua komeo hilo gizani. Tafadhali lisipuuzwe hili. Taa za nje na kupunguza kichaka kinachoficha dirisha ni mambo mepesi, yafanywe tu.

Jirani ndiye anayesahaulika. Katika mtaa wa Kirkholt, mjini Rochdale, Uingereza, miaka ya 1980, nguvu zilielekezwa kwenye nyumba zilizokwisha kuvunjwa: mita za umeme na gesi za malipo ya sarafu, zilizokuwa zikivutia wezi, ziliondolewa, milango ikaimarishwa, na nyumba chache za jirani zikakubaliana kuiangalia ile iliyoibiwa. Uvunjaji ulipungua kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo jiulize: nikisafiri siku nne, nani ataona geti langu liko wazi, na ana namba yangu? Ukihama unaanza upya hesabu hiyo, katikati ya watu wasiojua nani ni wa nyumba yako na nani si wa nyumba yako.

Sasa huko unakotaka kwenda. Mwaka 1989 mtafiti wa uhalifu Lawrence Sherman na wenzake walichapisha utafiti wa jiji la Minneapolis, Marekani, uliokuta kwamba kama asilimia 3 tu ya anwani ndizo zilizoleta nusu ya simu zote zilizopigwa polisi. Maana yake jina la eneo halikwambii mengi. Eneo lenye sifa nzuri linaweza kuwa na kona moja mbaya, na pengine usalama unaoutafuta uko mitaa mitatu tu kutoka hapo ulipo. Nenda huko usiku, kwa miguu, kutoka unaposhukia gari hadi mlangoni. Rudi tena mchana siku ya kazi, maana wengi huibiwa wakiwa kazini. Mpangaji anayetoka muulize anahamia wapi na kwa nini.

Yapo mazingira ambayo mimi sitakushauri kubaki hata kidogo. Anayekutishia akiwa anakujua kwa jina, mwenzi wa zamani, mdai, mtu mwenye kisasi, kitasa hakimzuii, atakusubiri nje. Hapo ondoka, na uondoke kimya: anwani mpya wapewe wachache, na zima programu zote za simu zinazoonyesha ulipo kabla ya kutoka, si baada ya kufika. Vilevile kama njia pekee ya kufika nyumbani ndiyo mnayokabwa kila mara, au mwenye nyumba amekataa kurekebisha mlango na amekukataza kuugusa, kaanze kutafuta. Na kama miezi imepita, nyumba imeimarishwa, na mtoto bado anakataa kulala peke yake, hiyo nayo ni sababu ya kutosha.

Ukiamua kuhama, badilisha silinda za vitasa vya nyumba mpya, yaani zile sehemu zinazoingia ufunguo, kabla boksi la kwanza halijaingia. Hujui nakala ngapi za funguo ziko mikononi mwa nani. Vitu vya thamani vipakiwe mwisho na vishushwe kwanza. Na lile boksi la televisheni usiliweke nje ya geti lilivyo. Likate, ulikunje picha iwe ndani.