Kabla ya kuunganisha PLC na vifaa vya Modbus

PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo) ikishindwa kuwasiliana na mita au inveta (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota), lawama za kwanza huangukia programu. Mara nyingi programu haina kosa lolote. Kwa Modbus RTU (lugha ya mawasiliano ya vifaa vya viwandani) inayopita kwenye RS-485 (njia ya nyaya mbili), shida huwa kwenye nyaya, kwenye mipangilio ya kifaa, au kwenye jedwali la rejista (nafasi za kumbukumbu ambamo kifaa huweka thamani zake) ambalo hakuna aliyelisoma hadi mwisho.

Kebo iwe ya jozi iliyosokotwa, itoke kifaa kimoja kwenda kingine kwa mstari mmoja bila matawi marefu, na ikae mbali na nyaya za mota. Rezista za omu 120 hukaa kwenye ncha mbili za mstari tu. Zima umeme, pima kati ya nyaya mbili kwa maltimita: karibu omu 60 ni sawa, 120 maana yake moja haipo, 40, kuna mtu kawasha ya tatu kwa kile kiswichi kidogo cha ndani ya kifaa. Alama A na B za nyaya hizo usiziamini sana, maana watengenezaji hawakubaliani. Kifaa kikiwa kimya, geuza nyaya hizo mbili ujaribu tena.

Kila kifaa kiwe na anwani yake, kati ya 1 na 247. Vingi hutoka kiwandani vyote vikiwa na 1, kwa hiyo weka anwani kimoja kimoja kabla ya kuviunga, kisha uzime na kuwasha, kwani vingine havipokei mabadiliko mpaka hapo. Kasi, pariti (biti ya kukagua makosa) na biti za kusimamisha (zinazofunga kila herufi inayotumwa) zilingane kwa vifaa vyote.

Rejista ndizo zinazokula muda. Kitabu cha kifaa kikisema 40001, kwenye ujumbe hutumwa sifuri: 4 ya mwanzo ni aina ya rejista tu, na hesabu huanzia sifuri badala ya moja. PLC nyingine hupunguza hiyo moja zenyewe, nyingine zinakuachia wewe. Kisha kuna namba za desimali zinazokaa kwenye rejista mbili. Volti 230 huhifadhiwa kama 17254 na 0. Ukizisoma kwa mpangilio uliogeuzwa, skrini itaonyesha sifuri, nawe utaanza kufukuzia waya usio na tatizo. Kwa hiyo soma kila kifaa kwanza kwa kompyuta, na uandike thamani ghafi unazopata. Kifaa kikijibu kwa kosa namba 02, furahi: nyaya na anwani yake ni sawa, rejista uliyoomba ndiyo haipo.

Panga pia muda wa PLC kusubiri jibu. Ukiweka sekunde nzima, kifaa kimoja kilichozimwa kitachelewesha foleni yote kwa sekunde hiyo kila mzunguko, na zaidi kama PLC inarudia ombi.

Kama PLC itaamuru inveta kupitia mstari huu, amua mapema mota ifanye nini mawasiliano yakikatika. Uamuzi huo uwekwe ndani ya inveta yenyewe, kisha uchomoe kebo mota ikizunguka, eneo likiwa salama, uone kama inafanya ulichoamua.