Kupiga picha treni na maisha ya relini: niliyojifunza kwa kusubiri

Nianze na ukweli, ukiingia kwenye hobi hii kwa ajili ya treni tu utachoka mapema, maana hapa kwetu treni inapita dakika moja alafu unakaa masaa kusubiri nyingine, na siku zingine hiyo nyingine haiji kabisa. Mimi nilianza hivo hivo, nimesimama kando ya reli Buguruni hapa Dar na simu mkononi, macho yote kule inakotokea, kumbe nyuma yangu kuna mama anageuza chapati, kuna madogo wanatembea juu ya chuma kama wako kwenye kamba, kuna jamaa kakalia rundo la mataruma ya zamani anasoma gazeti. Hizo zote sikuziona. Nilirudi nyumbani na picha 40 za kichwa cha treni, zote zinafanana, na mtu wa kwanza kumuonyesha akaniuliza "sasa hii ni wapi?" Sikuwa na jibu maana kwenye picha hakuna kitu kingine zaidi ya chuma.

Kwa hiyo siku hizi nakwenda kupiga reli, treni ikija ni bahati yangu, isipokuja picha ninazo.

Vifaa visikusumbue. Simu janja yoyote yenye kamera nzuri kiasi inatosha kuanza, ila ifute lenzi kabla hujapiga, tena kwa kitambaa kisafi, maana vumbi la relini likichanganyika na jasho la mkononi picha inatoka na ukungu na wewe unailaumu simu. Washa ile mistari ya kugawa kioo ili reli isilale upande. Zumu ya simu achana nayo, inaharibu tu, bora usogee kwa miguu pale panaporuhusiwa au uikubali treni ikiwa ndogo ndani ya picha pana. Ukiwa na kamera yenye lenzi ya kubadilisha basi sawa, lakini ujue nayo inakuletea maswali ya walinzi mara tatu zaidi ya simu.

Na hapo kwenye walinzi ndo pa kukaa kidogo, maana wengi wanaachia hobi hapo. Wanaolinda reli, madaraja, bandari na stesheni wanayachukulia hayo maeneo kuwa nyeti, na huwezi kushinda ubishi wa "mbona kila mtu anapiga selfi". Mimi nilishawahi kunyang'anywa simu kwenye stesheni moja, siitaji jina, nikakalishwa kwenye benchi kama saa nzima na mwisho nikaambiwa nifute kila kitu, mpaka picha za harusi ya binamu yangu zilitaka kwenda. Kosa lilikuwa langu, nilianza kupiga kabla ya kusalimia. Sasa utaratibu wangu ni huu, nafika mapema, simu iko mfukoni, namtafuta stesheni masta mwenyewe, sio mlinzi wa getini. Shikamoo kwanza. Namwambia mimi napenda reli, napiga picha za kumbukumbu, sio za biashara, alafu namuonyesha picha tatu nne nilizopiga kwingine, na hapo uso wa mtu wa reli unabadilika kabisa, ataanza kukuambia kichwa hiki kilikuja lini na kile kiliua nani. Akikataa, kubali, rudi barabarani. Akikubali, muulize niishie wapi, na uishie hapohapo. Ukipiga kwa ajili ya kuuza au kampuni hiyo ni habari nyingine, andika barua ya kuomba kibali. Droni usiipeleke relini kwa kubahatisha, Tanzania inataka kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla hata hujaiwasha.

Usalama nausema mara moja tu na sitarudia. Usisimame kati ya reli hata kama umeona wengine wanapita, usipande behewa lililosimama, kaa hatua kumi kutoka kwenye chuma, na usivae hedifoni masikioni. Treni ya umeme ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, inakimbia mpaka kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44 kila sekunde, na haina ule mngurumo wa dizeli wa kukuamsha. Ile fensi yake sio ya kuruka, na zile nyaya za juu zina volti 25,000, ukinyanyua fimbo ya selfi karibu nazo hutapata muda wa kujuta.

Haya, jua. Hapa naomba unisikilize vizuri maana maelekezo mengi ya mitandaoni yameandikwa na watu wa Ulaya na kwetu hayafanyi kazi. Wao jua lao mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi Dar, kuanzia mwanzoni mwa Machi mpaka mapema Oktoba jua la mchana liko kaskazini, miezi iliyobaki liko kusini. Na reli ya kati inatoka Dar kuelekea magharibi. Kwa hiyo mwezi wa sita simama upande wa kaskazini wa reli ili jua likae mgongoni mwako, mwezi wa kumi na mbili hamia upande wa kusini, ukikosea unapata treni nyeusi na mbingu nyeupe. Tena asubuhi treni inayoingia Dar ndo inang'aa usoni, kwa sababu inatazama mashariki, na jioni ni zamu ya inayotoka. Ukilishika hilo peke yake picha zako zitapanda bila kununua chochote.

Muda mzuri ni saa 12 na nusu mpaka saa 2 asubuhi, na jioni saa 10 na nusu mpaka jua linazama. Kuanzia saa 4 mpaka saa 9 jua liko utosini, mtu mwenye kofia anabaki mdomo tu, macho hayaonekani. Huo ndo muda wa kuingia kivulini, chini ya mwembe, chini ya paa la stesheni, kwenye kivuli cha kibanda cha mama lishe. Mtu akiwa kivulini na nyuma yake napo ni kivuli, sura inatoka laini na rangi ya ngozi inakaa vizuri. Gusa uso wake kwenye kioo, alafu kale kaalama ka jua kanakotokea pembeni kashushe kidogo tu, simu nyingi zinamfanya mtu mweusi awe wa kijivu kama kapakwa unga kwa sababu zinadhani picha ina giza.

Treni yenyewe ikija sasa. Kosa la kwanza ni kuifuata na simu huku unabonyeza bonyeza. Chagua fremu kabla, mti hapa, kibanda pale, reli inaingia kwenye kona ya picha, fokasi umeshaifunga, alafu subiri treni iingie yenyewe kwenye hiyo nafasi uliyoiandalia. Kama simu yako ina ile sehemu ya kuchagua mwenyewe, weka kasi ya shata, yaani muda kamera inaofungua jicho, 1/500 ya sekunde kwa treni za zamani, kwa SGR nenda 1/1000 au zaidi. Simu inaisoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo treni ya kasi ikipita karibu sana mabehewa yanaonekana yamelala upande kama yanataka kuanguka, dawa ni kurudi nyuma na kuipiga ikija kwa mshazari, sio ikikukata mbele ya pua. Ukitaka nyuma pawe na ukungu wa mwendo na treni ibaki safi, shusha mpaka 1/30 na uisindikize treni kwa kiuno, mwili mzima ugeuke nayo taratibu, na usisimamishe mkono ghafla baada ya kubonyeza. Kati ya kumi utapata moja. Hiyo moja lakini.

Dar ina bahati ambayo watu hawaioni. Reli tatu za upana tofauti ziko kwenye mji mmoja, ile ya kati ya mita moja kamili, TAZARA ya kwenda Zambia milimita 1,067, na SGR milimita 1,435, na unaweza kuzipiga zote siku moja kwa daladala. Ya kati walianza kuijenga Wajerumani 1905 ikafika Kigoma 1914, na inapita uani kwa watu kabisa, Kamata, Buguruni, Vingunguti, Gongo la Mboto, Pugu. Mtaa wa Tabata Relini jina lake tu linakuambia. Huko ndo iko picha ninayoipenda kuliko zote, pale treni ya mjini, ile watu waliyoibatiza treni ya Mwakyembe ilipoanza 2012 kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, inapopiga honi na bodaboda, bajaji na mtu wa mkokoteni wote wanasimama kwenye kivuko. Geuza mgongo kwa treni. Piga zile sura zinazosubiri. Kuna anayekunja uso, kuna mtoto mgongoni kashtuka, kuna konda anaangalia saa. Treni ikae pembeni ya fremu, au isionekane kabisa, upepo wake kwenye kanga unatosha.

Kwa watu, sheria yangu ni moja, sipigi kwa kuiba. Nanunua chapati na chai, nakaa, tunaongea, na simu inatoka baada ya hapo. "Mama naomba nikupige ukiwa unapika." Picha mbili za mwanzo zitakuwa za kupozi, mtu kanyooka kama yuko pasipoti, mpigie tu, muonyeshe, acheke, baada ya robo saa atakusahau na hapo ndo kazi inaanza. Watoto ni kwa ruhusa ya mzazi, bila hivo acha. Mtu aliyelala stesheni, aliyelewa, anayelia, hao nawaacha, najua wengine wanaziita picha kali, mimi naona ni kumvua mtu nguo. Na ukiahidi kuirudisha, irudishe, studio za mtaani zinachapa kwa bei ndogo na mama akishabandika yake kwenye kibanda hutaulizwa tena unafanya nini pale.

Ndani ya treni kuna raha yake. SGR kwenda Morogoro kaa kushoto ili milima ya Uluguru ikukute dirishani unapokaribia, bandika lenzi kwenye kioo kabisa na uizungushie koti au kanga, vinginevyo utajipiga mwenyewe kwenye kioo. TAZARA ndo baba lao, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, ilijengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kuanzia 1970, inapita ndani ya hifadhi unaweza kuona twiga kutoka kitandani, alafu kati ya Mlimba na Makambako inapanda mlima kwa madaraja na mahandaki, kwenye kona kali unaiona treni yako mwenyewe inajikunja mbele. Ipige ukiwa ndani, kichwa kisitoke nje. Stesheni ndogondogo treni ikisimama shuka na jicho kabla ya mguu, wauzaji wanakimbia na mabeseni kichwani, mikono inatoka madirishani, hela zinashuka ndizi zinapanda, yote kwa dakika chache, na hapo usiwaze setingi, piga mfululizo.

Kama bado unaogopa watu na walinzi, na uko Nairobi, anzia makumbusho ya reli pale karibu na stesheni ya zamani. Yapo tangu 1971, vichwa vya mvuke vimesimama havikukimbii, unajifunza mwanga taratibu.

La mwisho ni la kuchosha ila fanya siku hiyohiyo. Hamisha picha, weka nakala sehemu mbili, na uandike stesheni, tarehe, namba ya kichwa, na jina la mtu kama amekubali. Mimi nina picha moja nzuri kupita zote nilizowahi kupiga, gadi mzee kashika bendera ya kijani, nyuma yake mvua inakuja, na sikuandika kitu. Nimewaonyesha wastaafu wa reli zaidi ya watano, kila mmoja anaapa ni stesheni aliyofanyia kazi yeye.