Viza ya Schengen ya biashara ukiwa Uingereza na pasi ya nyumbani

Nianze na kitu ambacho ndugu zangu Dar hawakiamini hata niwaeleze vipi. Unaweza ukawa umekaa Uingereza miaka kumi na tano, una ukaazi wa kudumu, kodi unalipa, mtoto anaishangilia Arsenal kukushinda mwenyewe, lakini ukitaka kwenda Cologne, Ujerumani, siku tatu kuonana na wanunuzi wa iliki na karafuu inabidi uombe viza kama mtu aliyetua jana kutoka Kigamboni. Wanaangalia pasi, unapoishi ni habari nyingine. Wakenya wengi hili wameshalimaliza maana katiba yao ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, mtu akishapata pasi ya Uingereza anaingia zake bila viza. Sisi Watanzania uraia pacha ukiwa mtu mzima haupo, kwahiyo wengi tumebaki na pasi yetu na foleni ya viza ndo imekua yetu.

Viza yenyewe ni ile ile aina C ya muda mfupi, siku 90 ndani ya kila siku 180, kwa nchi 29 za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja. Ireland na Cyprus hazimo, Uswisi na Norway zimo, hapo watu huchanganya sana. Hamna viza ya peke yake ya wafanyabiashara, tofauti iko kwenye sababu unayojaza na makaratasi ya kuithibitisha. Unaruhusiwa mikutano, maonesho, kutembelea kiwanda, kubishana bei, kusaini mkataba. Kwenda kufanya kazi ya kulipwa huko hapana, hiyo ni viza nyingine kabisa.

Na usifunge safari kwenda kuombea Dar eti kule unamjua mtu. Unaombea nchi unayoishi kihalali, maana yake ubalozi wa hapa hapa London kupitia kituo cha kupokelea maombi, na kibali chako cha kukaa Uingereza kiwe na angalau miezi mitatu mbele baada ya tarehe ya kutoka Schengen. Kama kibali chako kinakaribia kuisha rinyu kwanza, mengine baadae. Saizi zile kadi za ukaazi hazipo tena, kila kitu kiko kwenye eVisa (kibali cha mtandaoni), kwahiyo unaingia kwenye akaunti yako ya UKVI, idara ya viza ya Uingereza, unatoa namba ya kushea (share code) ya kumwonyesha mtu kibali chako, ile inayoanza na S (W ni ya mwajiri na R ni ya mwenye nyumba, usiwapelekee hizo), inadumu siku 90, alafu printi na ule ukurasa wenyewe maana makaratasi ndo wanayoyaelewa.

Sasa nchi gani. Unaomba ile utakayokaa siku nyingi zaidi au yenye shughuli kuu, na kama siku zinalingana basi ile utakayoingilia. Hapa ndo mi nilipoangukia pua mwaka 2023. Nilikua naenda Anuga, yale maonesho makubwa ya vyakula Cologne yanayofanyika Oktoba kila baada ya miaka miwili. Tiketi ya maonesho ninayo, mwaliko ninao, wa kampuni ya viungo niliyokua nachati nayo mwaka mzima, kila kitu safi. Nikajifanya mjanja, si niko Ulaya tayari, acha nipitie Paris kwa binamu nikae siku tano. Cologne siku nne, Paris siku tano, na viza naomba Ujerumani. Barua ya mwaliko inasema nafika tarehe 7, barua niliyoandika mwenyewe inasema tarehe 6, bima nimekata kuanzia tarehe 7, hoteli ya Paris iko ndani ya faili mchana kweupe. Ikarudi fomu yenye alama kwenye kile kiboksi cha kwamba sababu na mazingira ya safari hayajathibitishwa. Nilikasirika siku mbili, ya tatu nikakaa chini nikalisoma faili langu kama vile ni la mtu baki, na kusema kweli hata mi ningelikataa.

Yule ofisa hakujui, hajui kama we mtu wa swala tano au tapeli, ana makaratasi mezani basi. Anayasoma kutafuta vitu vitatu: nani kakuita na kwanini, nani analipa, na kitu gani kitakurudisha. Hayo majibu matatu yakiwa yale yale kwenye fomu, kwenye mwaliko, kwenye barua yako, kwenye tiketi, hoteli na bima, umemrahisishia kazi.

Mwaliko uwe kwenye karatasi rasmi la kampuni, wenye jina lako kama lilivyo kwenye pasi (sio Abuu wakati pasi inasema Abubakar), namba ya pasi, tarehe, anwani ya mahali pa mkutano, mtu wa kuwasiliana nae na simu yake, na maelezo ya biashara mnayofanya. "Tunamwalika kwa mazungumzo ya kibiashara" haitoshi, mazungumzo ya nini? Waombe waandike tumekua tukiwasiliana nae tangu mwezi fulani kuhusu kununua iliki kilo kadhaa, anakuja kukagua sampuli na kujadili bei. We nawe ambatanisha imeli mbili tatu za nyuma, oda au invoisi kama ipo. Wajerumani wakiwa ndo wanagharamia, kampuni iseme wazi kwenye mwaliko kwamba inabeba gharama kwa mujibu wa vifungu 66 hadi 68 vya sheria yao ya ukaazi, wenzako wa Ujerumani wakiona hiyo namba wanajua unaongelea nini. Kama unajilipia mwenyewe andika unajilipia, usiache panaelea.

Barua ya upande wako ndo inasumbua wengi kwa sababu wengi wetu hatujaajiriwa kwenye hiyo biashara, una kazi yako ya kulea wazee au kuendesha basi na biashara ya viungo ni ya pembeni. Sema hivo hivo. Barua ya mwajiri iseme una kazi, mshahara kiasi gani, umepewa likizo tarehe hizi na unategemewa kurudi kazini tarehe ile. Alafu barua ya biashara yako peke yake, na cheti cha Companies House (msajili wa makampuni) kama umesajili kampuni, kama hujasajili toa SA302, karatasi ya hesabu ya kodi ya HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza), inayoonyesha umetangaza kipato. Kama hujawahi kutangaza hicho kipato HMRC mi sina la kukusaidia hapo, ila usijaribu kumwonyesha ofisa wa viza biashara ambayo mtu wa kodi haijui.

Stetimenti za benki miezi mitatu. Jamani ile tabia ya kumkopa shemeji pauni elfu tatu zikae kwenye akaunti wiki moja wanaijua zamani. Akaunti yenye mshahara unaoingia kila mwezi na salio la kawaida inaonekana ya mtu kuliko iliyovimba ghafla. Kama kuna hela kubwa imeingia kihalali, labda umeuza gari au ni hela ya mchezo, andika mstari mmoja kueleza na weka uthibitisho.

Cha kukurudisha kwa sisi ni Uingereza, sio Tanzania. Kuna mtu aliweka hati ya kiwanja cha Bagamoyo, kiwanja kizuri tu, lakini ofisa anataka kujua utatoka Ujerumani urudi Leicester. Weka mkataba wa nyumba, bili ya kaunsil taksi (kodi ya manispaa), barua ya shule ya watoto.

Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, ikubalike nchi zote za Schengen na ifunike siku zote kuanzia unapoingia mpaka unapotoka, iwe na matibabu ya dharura na kusafirishwa kurudi. Mi siku hizi naongeza siku kadhaa mbele na nyuma, bei inapanda kidogo mno. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka kumi, ibaki na miezi mitatu baada ya kutoka na kurasa mbili tupu. Picha milimita 35 kwa 45.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu 11 Juni 2024, kituo kina cha kwake juu, na ukikataliwa hairudi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari mpaka siku 15 kabla, jibu kwa kawaida siku 15 ila wanaweza kufika 45. Kinachochelewesha zaidi ni kupata apointimenti, hasa kuelekea kiangazi, we anza kuitafuta miezi mitatu minne kabla na usimlipe mtu wa WhatsApp anayesema ana nafasi zake kituoni. Kama umewahi kutoa alama za vidole zinatumika miezi 59, ila bado wanaweza kukuita.

Ukikataliwa soma kiboksi kilichowekwa alama kabla ya kulia. Ujerumani ile njia ya kuandikia ubalozi barua ya kupinga waliifuta duniani kote 1 Julai 2025, imebaki mahakama au kuomba upya, na kwa safari ya siku nne kuomba upya ndo akili, ila na faili lililorekebishwa, sio lile lile.

Mi nilipata ya Anuga ya 2025, Paris nikaiacha kabisa. Ukishika pasi soma stika pale pale dirishani. Zile tarehe mbili za kuanzia na mwisho ni dirisha tu, siku unazoruhusiwa kulala huko zimeandikwa sehemu nyingine. Mtu anaona tarehe 1 mpaka 25 anadhani kapewa siku 25 kumbe kaandikiwa siku 10, hizo nyingine ni nafasi ya kama ndege imeahirishwa. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Angalia pia kama ni 01 (kuingia mara moja) au MULT (mara nyingi), maana ukiwa na 01 ukatoka hata kwa nusu siku imekwisha. Tangu 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kukuskani uso na vidole mpakani badala ya muhuri, kwahiyo siku zinahesabiwa na kompyuta.

Mwaliko na bima beba kwenye begi la mkononi, pale Frankfurt niliulizwa vyote viwili. Na kama umebadilisha pasi hivi karibuni iingize kwenye akaunti yako ya UKVI kabla hujaondoka, la sivyo wa shirika la ndege atakukalisha kwenye kaunta wakati wa kurudi huku boarding inafungwa.