Kupima kasi ya mota ya DC kwa volti yake yenyewe

Mota ya DC (umeme wa mkondo mnyoofu) yenye brashi, yaani vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme hadi sehemu inayozunguka, na sumaku za kudumu ni dainamo pia. Ikizunguka huzalisha volti inayopingana na ya betri, na volti hiyo hupanda sambamba na kasi. Ukiipata, huna haja ya kufunga kihisi kwenye shafti. Hapa natumia mota ndogo ya volti 12.

Hatua ya 1: Ukinzani. Usiitegemee multimita peke yake, mguso wa brashi huidanganya. Zuia shafti, pitisha ampia 1, pima volti kwenye vituo vya mota. Geuza shafti kidogo, rudia, chukua wastani. Tuseme umepata 1.2, basi ukinzani ni omu 1.2. Fanya haraka, mota iliyozuiwa huungua.

Hatua ya 2: Kasi ya rejea. Tia doa jeupe kwenye shafti, washa mota bila mzigo, rekodi kwa simu video ya fremu 240 kwa sekunde. Mizunguko 20 ikichukua fremu 101, kasi ni kama 2,850 kwa dakika. Mota ikila ampia 0.5, ukinzani unakula 0.5 × 1.2 = 0.6, itoe kwenye 12, zinabaki volti 11.4. Yaani kila volti ni mizunguko 250.

Hatua ya 3: Mzigo. Mota ikivuta ampia 3, ukinzani unakula 3 × 1.2 = 3.6: 12 − 3.6 = 8.4, sawa na mizunguko 2,100. Safi, ila shaba ya waya za mota ikiongezeka joto nyuzi 50, ukinzani hupanda kama asilimia 20. Kwa sababu hiyo peke yake kasi ya kweli ingekuwa 1,920 na wewe bado unaandika 2,100.

Hatua ya 4: Kata umeme, soma. Hii ndiyo ninayoipenda. Transista (swichi ya kielektroniki inayowasha mota) ikiwa upande wa hasi, kati ya mota na hasi ya betri, izime, ngoja milisekunde 2 mkondo uishe kwenye dayodi iliyofungwa sambamba na mota, ndipo usome. Bila mkondo, ukinzani hauli kitu.

Wengi hukwama hapa: pale mota inapokutana na transista husomi volti ya mota, unasoma ya betri *ukitoa* ya mota. Betri 12, pale 3.6, basi mota inazalisha 8.4. Pima na betri wakati huohuo, maana mzigo ukikatwa nayo hupanda.

Kwa Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta inayosoma volti), gawanya volti kwanza kwa resista za kilo-omu 10 na 4.7, pini zake mwisho volti 5. Soma mara 16 mfululizo uchukue wastani, kwani volti hutikisika brashi zinapovuka vipande vya komyuteta, pete ya shaba ambayo brashi huigusa.

Sumaku za feraiti nazo hulegea kama asilimia 0.2 kwa kila nyuzi, kwa hiyo rudia hatua ya 2 mota ikiwa moto, utumie namba hiyo.